Mkanda Usiokuwa na Ngumi

Banda la Chilumba, Newala, nyuma ya stendi.
Kiingilio mia tatu, watoto mia.
Ni Juni, ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma
ukaingia bila kulipa,
nasi tumejikunyata kwenye mabenchi
tukisubiri mtu apigwe.

Jalada lilikuwa na Mjapani na upanga.
Ndani, kumbe, walitia mkanda mwingine:
mzee kakaa sakafuni, anamenya tunda.
Anamenya.
Ganda linashuka utepe mmoja, halikatiki.

Chilumba, bingwa wa kutafsiri kwa kipaza sauti
hata lugha asizozijua
("Leo utanikoma, muuaji wa kaka yangu!"),
alikohoa. Akasema, "Hapa mzee… anamenya tunda."
Watu wakacheka.
"Bado anamenya," akasema.
Kisha akazima kipaza sauti,
na tangu nimjue hajawahi kutafsiri vizuri kama siku ile.

Vijana wa bodaboda walitoka wakidai mia tatu zao.
Tukabaki wanne: mimi, Somoe wa vitumbua,
mtoto wa mtu aliyepitiwa na usingizi,
na Chilumba, ambaye banda ni lake, angekwenda wapi.

Sikujua yule mzee anaitwa nani.
Binti yake alikuwa anaolewa, nadhani, au anahama.
Hakuna aliyelia. Walikunja magodoro.
Binti alipovua viatu mlangoni alivigeuza
vikatazama nje,
na kamera ilikuwa chini, usawa wa mtu aliyekaa mkekani,
usawa wa mama yangu akibangua korosho.
Watu walipotoka chumbani, haikuwafuata.
Ilibaki na birika.
Birika likachemka peke yake, likachemka, likachemka,
hadi Somoe akanong'ona,
"Jamani, si waepue?"

Halafu mvua. Mvua ya kwao ilinyesha uani usiku kucha,
ikajaza beseni, ikamwagika,
na hakuna aliyekurupuka na ndoo.
Sisi wa huku juu, tunaonunua maji kwa dumu
na kunawia yaliyooshea mchele,
tulitazamana gizani.
Hakuna upanga uliowahi kututisha vile.

Nilirudi nyumbani kwa njia ileile,
nikapita mashine ya kusaga, nikapita kwa fundi redio,
nikifika nisipopaharakia.

Mama alikuwa chini, miguu kainyoosha,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Miaka yote nimempita hapo kwa shikamoo ya mbio
nikielekea kwenye sufuria.
Siku ile nilisimama mlangoni
kama ile kamera isiyokuwa na adabu ya kuondoka.

Kabla ya kugonga, huigeuza korosho kidoleni,
huitafuta mgongo,
kama mtu anayemlaza mtoto ubavu asiouzoea.
Nzima huenda kwenye sinia, za mnunuzi.
Zilizovunjika huenda kwenye kibakuli, zetu.
Hilo nililijua tangu nina meno ya utoto.
Nilichokuwa sijui, na hapa nakohoa kama Chilumba,
ni kwamba zikipita nyingi nzima,
sinia likijaa na kibakuli kikibaki kitupu,
mkono wake hunyanyuka juu kidogo kuliko inavyohitajika.

"Unatazama nini?"
"Sitazami kitu."
"Kama huna kazi, dumu lile pale."

Nikavua kandambili, nikazigeuza zikatazama nje.
Akazitupia jicho.
"Nani kakufundisha kupanga viatu kama mtu anayefukuzwa?"
Nikakaa mkekani, usawa wake.
Akachukua korosho nyingine, nene, haina kasoro,
akaigeuza, akaigonga.
"Lo," akasema bila kunitazama,
"na hii nayo imevunjika."